Kiingereza cha Watu Wanne

Kijiwe chetu hakina benchi. Kina friza bovu, lile refu la kulala, ambalo lilimshinda Fundi Baridi, mtengenezaji wa mafriji, akalitoa nje ya karakana yake na kulitandikia kipande cha zulia, na tangu hapo limekaliwa na watu wazima wenye kazi zao, ambao wote hudai wamepita mara moja tu. Kushoto ni kwa kinyozi, kulia ni chumba cha dobi, na ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Mimi naweka jiko la mkaa na birika langu la kahawa kwenye kona ya friza, palipo na kivuli cha bati. Kila asubuhi kabla sijawasha moto humwomba Mungu aniepushe na umbea, na kila siku jua likishapanda najikuta nimetega sikio. Siku ninayoisimulia nilitega yote mawili. Nitayasema kama yalivyosemwa, na nikiongeza chumvi mahali, Mungu anisamehe, ndivyo nilivyo.

Fundi Baridi alitoka karakana amevaa shati jeupe, limepigwa pasi hadi limekakamaa, vifungo vimefungwa mpaka kooni. Akakaa kwenye friza polepole, kama mtu anayeogopa kujikunja.

— Leo unaoa? aliuliza Spika. Huyo ndiye kinyozi wetu. Anaitwa Spika kwa sababu akinong'ona, ng'ambo ya barabara wanaitika.

— Nisalimie kwanza, bwana.

— Habari za asubuhi. Unaoa?

— Wamenijibu. Wananipigia leo, saa nne.

— Wale wa bohari la dawa?

— Wale wale. Simu ya video. Anapiga meneja mwenyewe, mama mmoja mgeni. Na ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Spika alisahau kuondoa kitana alichokuwa amekichomeka kwenye nywele zake. Akaingia kibandani kwake, nikamsikia anamwambia mteja, "Subiri kidogo, ndugu yangu, upande mmoja umeshapendeza," kisha akarudi na kukaa.

Hilo bohari lina vyumba vya baridi vikubwa kama nyumba, vya kuhifadhia dawa, na wanatafuta fundi wa kuvitunza. Kwa Fundi Baridi hiyo si kazi tu. Mafriji ya siku hizi yamezibwa kila upande kama yai, yakiharibika hayafunguliwi, yanatupwa. Watu wamezoea kununua jipya. Fundi alikuwa anakaa zaidi juu ya friza bovu kuliko anavyosimama mbele ya friji zima, na mke wake alikuwa ameanza kumwuliza habari za kazi kwa upole. Mwenyewe alituambia kwamba upole huo ndio unaomtisha. Angegombezwa angejua pa kuanzia.

— Sasa unatetemeka nini? alisema Spika. Si una cheti cha Kiingereza? Cheti kinasema kiwango cha juu.

— Naogopa cheti.

Hapo Pasi akatokea, dobi wetu, mtu mwembamba wa maneno machache, kitambaa chenye maji begani. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka ndani. Pasi husikia kila kitu.

— Cheti hakina ubaya, alisema. Ubaya ni kwamba kinamwita Fundi peke yake.

Niseme hapa cheti kilivyopatikana, maana wengine watadhani Fundi ni laghai, naye si laghai. Aliweka kwenye simu yake programu ya kujifunzia Kiingereza. Programu hiyo ina ua kwenye chungu. Ukisoma kila siku, ua linachanua. Ukiruka siku, linainamisha shingo na majani yanabadilika rangi. Fundi alianza kwa bidii, lakini akiitwa majumbani kwa watu alikuwa anaacha simu kwetu ichajiwe, kwa sababu umeme wa Spika haukatiki kama wake. Siku moja ua likainama. Dada Muhuri, yule mchapaji wa kibanda cha ng'ambo, alikuwa amekuja kunywa kahawa, akaliona.

— Jamani, linakufa hili, alisema.

Akajibu swali. Ua likanyanyuka kidogo. Pasi akajibu la pili. Kufika jioni ua limesimama wima, na sisi tumefurahi kama tuliomtoa mgonjwa hospitali.

Basi ikawa desturi. Kwenye friza letu mtu hanywi kahawa peke yake. Ukishika kikombe lazima umwangalie wa pembeni. Hatukuona kwa nini Kiingereza kiwe tofauti. Programu ilikuwa inauliza kwa namna nne, na kila mtu akashika yake. Maswali ya kusikiliza alichukua Pasi, maana anapiga pasi kutwa nzima na redio ya Kiingereza ikiwa masikioni. Ya kusema kwa sauti alichukua Spika, si lazima nieleze kwa nini. Ya kuandika alichukua Dada Muhuri, ambaye ameshachapa barua za maombi za mtaa mzima na anajua maneno yanavyokaa. Fundi mwenyewe, akirudi jioni amechoka, tulimwachia picha. Tofaa, farasi, mtoto analia, gari limeharibika, baridi, moto. Picha alizijua zote.

Simu haikuwahi kuuliza tuko wangapi. Kila hatua ilisema hongera, ikapiga kengele, mwisho ikaleta cheti chenye jina la Fundi. Tulishangilia. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta kioo cha simu kikiingia vumbi la mkaa, kwa hiyo na mimi sijitoi.

Dada Muhuri alivuka barabara akikimbia, kalamu sikioni, karatasi mkononi.

— Nimesikia sauti ya Spika. Ni leo?

— Ni leo, dada yangu, alisema Fundi. Saa nne.

— Na wewe unajua nini?

— Najua picha.

Nikamimina kahawa.

— Tusibabaike, alisema Spika. Mimi nakaa nyuma ya simu, pale asiponiona. Wewe unachezesha midomo, mimi natoa sauti.

— Ataona midomo haiendani na maneno, alisema Dada Muhuri.

— Kwenye simu ya video midomo iliwahi kuendana na maneno lini? Juzi nimeongea na mjomba wangu. Amecheka, mpaka kicheko kinanifikia yeye ameshanuna.

— Na sauti yako? Fundi anakwaruza, wewe unanguruma.

— Atakohoa kwanza. Mtu akishakohoa, sauti yoyote itakayofuata ni ya kwake.

— Utasema nini lakini? aliuliza Pasi. Wewe unasema vizuri, sikatai. Ila ukiulizwa jina, unajibu hali ya hewa. Huelewi unachoambiwa.

— Na wewe unayeelewa, umeshawahi kusema hata neno moja?

— Nayaweka.

— Unayaweka wapi?

— Ndani. Siyaharibu kwa kuyatoa ovyo kama wengine. Lugha haimo mdomoni, bwana Spika, imo sikioni. Mtoto mchanga anasikia tu kwa muda mrefu kabla hajatamka kitu, na nyumba nzima inajua kwamba anaelewa.

— Basi tumpeleke mtoto mchanga bohari la dawa.

Dada Muhuri akawakemea.

— Nyie wanaume! Lugha ni maandishi. Mkataba unaandikwa. Barua ya kufukuzwa inaandikwa. Sasa hivyo vya masikioni na vya midomoni utavipigia muhuri wapi?

— Lugha imo kwenye mashine, alisema Spika, na sasa akasimama, maana akianza nadharia hawezi kukaa. Sikilizeni. Haya mambo ya kusoma yanakwisha. Watu wa mbele huko watakuwa na kidude kidogo sikioni. Wewe unasema ya kwenu, mwenzako anasikia ya kwao. Hakuna kufundishwa, hakuna cheti. Atakayejifunza lugha kwa kichwa ataonekana kama mtu anayechota maji kisimani na bomba liko jikoni.

— Na watu wakigombana? aliuliza Pasi.

— Kidude kinatafsiri.

— Hata matusi?

— Matusi kinayapunguza makali. Unamwambia mtu mpumbavu, yeye anasikia "ndugu yangu, hebu fikiria tena."

— Basi vita vitakwisha, alisema Dada Muhuri.

— Vitaongezeka, alisema Pasi. Umtukane mtu kwa moyo wako wote, halafu akushukuru? Si utampiga?

Fundi aliangalia saa, akafungua kifungo cha kooni, akakifunga tena.

— Mimi naona kinyume kabisa, alisema Dada Muhuri, na kalamu ikatoka sikioni. Simu haikutufundisha. Simu ilikuwa inajifunza kwetu. Fikirini. Mwalimu gani anamwuliza mwanafunzi kila siku ya Mungu, hili ni tofaa au ni farasi? Mwalimu anayejua hawezi kuuliza hivyo. Ina maana yenyewe haijui!

— Ebo! alisema Spika.

— Ilituona watu wenye akili tumekaa mahali pamoja, ikauliza, tukaiambia. Na tukikosea, si ilikuwa inauliza tena?

— Ilikuwa inauliza tena, alikubali Pasi.

— Kuhakikisha.

— Kwa hiyo zile hongera, alisema Spika polepole, ilikuwa inatushukuru.

— Sasa umeamka.

— Basi kile Kiingereza kinachozungumzwa na simu zote duniani, sehemu yake imetoka kwenye friza hili!

— Jamani, alisema Fundi. Nawaombeni. Saa nne.

Wakaona aibu kidogo, wakakaa. Pasi akanigeukia.

— Mzee Birika, mbona umenuna?

— Sijanuna, mwanangu. Najiuliza kama hili si uongo. Yule mama anataka kumsikia mtu mmoja. Sisi tunamletea wanne ndani ya shati moja.

— Uongo ni kusema kitu kipo na hakipo, alisema Pasi. Kiingereza kipo. Kimegawanyika tu.

Jibu nilikuwa nalo moyoni, nimelisikia mara nyingi kwenye ibada, lakini shule yangu ni fupi na nikianza kubishana maneno yananikimbia. Na tena, nikisema kweli, nilitaka Fundi aipate ile kazi. Kwa hiyo nilipotakiwa kusema hapana, nilijaza vikombe.

— Mimi sitaki kumdanganya mtu, Mzee Birika, alisema Fundi. Nisikilize na wewe. Jana nimekaa hapa tangu asubuhi, mpaka nikawa najua pikipiki ya nani inakuja kabla haijakata kona. Tazama kiganja changu. Kimelainika kama cha mtoto. Mke wangu alikishika juzi, akakiachia, hakusema kitu. Hawa wa bohari wakinikosa leo, hawaiti tena. Kazi yenyewe naijua. Ninachokosa ni mlango wa kuingilia.

Dada Muhuri akageuza karatasi zilizoharibika upande mweupe, akazipanga mapajani.

— Tufanye majaribio, alisema.

Majaribio yalikuwa hivi. Spika alisoma swali moja kwenye simu, kwa sauti nzuri iliyonyooka, bila kujua anauliza nini. Pasi akafumba macho, akasikiliza, akatuambia, "Anauliza kazi hii umeanza lini." Fundi akasema kwa lugha yetu, "Tangu kabla sijaoa." Dada Muhuri akaandika kwa Kiingereza, herufi kubwa. Spika akaipokea karatasi, akaisoma, na Fundi akachezesha midomo. Jibu lilipita mkono kwa mkono kama ndoo za maji nyumba ikiungua.

— Limefika! alisema Spika.

Limefika kweli. Ila kahawa niliyoimimina mwanzo wa swali, mwisho wa jibu ilikuwa imepoa.

— Na muda wote huo yeye atakuwa anafanya nini? aliuliza Fundi.

— Atadhani unafikiri. Wakubwa wanapenda mtu anayefikiri.

Waliipachika simu juu ya jiko langu la akiba, imeegemea kopo la sukari, inamwangalia Fundi tu na mlango wa karakana nyuma yake. Pasi alichuchumaa upande huu, Dada Muhuri upande ule, Spika nyuma ya simu amekunja magoti. Mimi nilibaki kwenye birika. Niliambiwa nisisogee wala nisiseme kitu, nikaitikia, na nilikusudia kutii.

Simu ikalia.

Alitokea mama wa makamo, miwani mikubwa, amevaa koti zito ndani ya nyumba. Nyuma yake palikuwa na rafu nyeupe zimejaa maboksi. Alisalimia, Fundi akaitikia mwenyewe. Salamu alikuwa anaijua.

Mama akauliza la kwanza. Pasi akafumba macho, kisha akanong'ona. Fundi akajibu kwa kunong'ona, kalamu ikakimbia, karatasi ikapita, Fundi akakohoa, Spika akanguruma. Mama aliinamisha kichwa, akasogeza sikio kwenye simu, akaandika kitu. Spika akanikonyeza. Nakiri nilifurahi.

La pili likapita vilevile, ingawa Fundi alikohoa tena, na mama akasema kitu ambacho Pasi alitafsiri kuwa ni pole.

La tatu lilikuwa refu. Pasi alilisikiliza mpaka mwisho, akanong'ona:

— Chumba cha baridi kimezima, dawa zimo ndani, uko peke yako. Unafanyaje?

Fundi alibadilika. Aliacha kuangalia saa. Alianza kunong'ona haraka haraka, mikono inazungusha spana hewani, anataja kompresa, anataja gesi, anasema kwanza mlango usifunguliwe, mtu yeyote asifungue mlango. Dada Muhuri alishindwa kumfuata. Aliandika, akakata, akaandika tena. Karatasi ilichelewa. Kimya kikawa kirefu, na Fundi amekaa katikati yake, jasho linamtoka.

Nami nikamwona amekauka midomo. Mungu ananijua, sikuwaza kitu. Huku kwetu mtu akikauka midomo anapewa. Nikamimina kikombe, nikanyoosha mkono, nikamwekea Fundi mbele yake, na yeye, kwa mazoea, akakipokea, akamwangalia Pasi wa pembeni, akamsogezea anywe kwanza.

Mkono wangu ukaonekana kwenye picha ya simu. Mkono wa Pasi nao ukaingia.

Mama akaacha kuandika. Akavua miwani, akaivaa. Akasema kitu kifupi.



— Amesemaje? alinong'ona Fundi.

Pasi ameinamia kikombe.

— Pasi! Amesemaje?

— Anauliza umekaa na nani.

— Sema uko peke yako! alinong'ona Spika, na nadhani hata wa ng'ambo ya barabara walisikia. Mama yule naye lazima alisikia, maana alitazama juu ya simu kana kwamba anaweza kuona upande wa pili.

Dada Muhuri alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika neno moja, akanyoosha karatasi kwa Spika. Fundi akaizuia njiani kwa kiganja. Akatutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho, na hakuwa na hasira. Akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiingereza chake, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

— Hawa. Watu. Kiingereza changu.

Akaigeuza simu.

Basi tukaonekana. Spika amekunja magoti, kitana bado kiko kichwani. Dada Muhuri na karatasi mapajani. Pasi ameshika kikombe cha mtu mwingine. Mimi na birika. Nilijaribu kutabasamu, nikaona kwenye kile kidirisha kidogo cha simu kwamba natisha. Yule mama alituangalia kwa zamu. Hakucheka, wala hakukunja uso. Aliangalia kama mtu anayehesabu mizigo ya kupakia.

Akauliza swali moja, taratibu, kwa maneno mafupi, naona alikuwa anatuonea huruma.

Pasi alilisikia.

— Anauliza, alisema, na hao watakuja?

— Nani? alisema Spika.

— Sisi. Anauliza kama na sisi tutakwenda kazini na Fundi.

Swali lenyewe halikuwa gumu. Hata mimi, nilipotafsiriwa, nililielewa lote. Lakini Spika aligeuka akatazama kibanda chake, ambapo mteja alikuwa amesimama mlangoni na shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina msitu. Pasi alitazama moshi unaotoka kwenye dirisha lake mwenyewe. Dada Muhuri alipanga karatasi zake, akazipangua, akazipanga tena. Mimi nilitafuta neno la busara, umri wangu ulikuwa unalidai, na sikulipata.

— Jamani, nijibuni basi, alisema Fundi. Mwambieni. Nyie si ndio wasemaji?

Hatukusema. Si kwa Kiingereza tu. Hata kwa lugha tuliyozaliwa nayo hapakuwa na wa kusema.

Yule mama alisubiri. Koti lake zito lilipanda na kushuka.

— Hapana, Fundi akamwambia kwa Kiingereza. Hapana. Mimi.

Akanyanyuka na simu, akaingia karakana, akauvuta mlango nyuma yake.

Pasi alikimbia kuokoa suruali ya watu. Tulisikia anapigana na moshi, akimwita Mungu, kisha akarudi, ananuka moshi, akasogea hadi kwenye mlango wa karakana na kuweka sikio. Hatukumkataza. Spika alimwashiria mteja wake kwa kidole, dakika moja, ndugu yangu. Mteja akaja akakaa kwenye friza na shuka lake, akaomba kahawa. Nikainamisha birika, likatoa mashapo ya kahawa tu.

— Anasema nini? aliuliza Spika.

— Anataja kompresa.

— Anaitaja vizuri?

— Anakosea.

— Sana?

Pasi alisikiliza.

— Sana. Maneno anayapanga nyuma mbele. Sasa hivi amesema mlango umemfungua yeye.

Spika akasimama.

— Naingia. Nitakaa nyuma ya simu, hataniona.

Dada Muhuri alimdaka shati kwa nyuma.

— Kaa.

— Ataikosa kazi, Dada Muhuri! Anaiharibu!

— Kaa chini, nimesema.

Spika akakaa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kukwaruza, neno, kimya, neno, chuma kinagongwa, neno. Kisha kimya kikawa kirefu kupita vyote, mpaka Dada Muhuri akaacha shati la Spika na kushika kishikio cha friza.

— Na yule mama? aliuliza. Amekata?

Pasi akafumba macho, akabana sikio kwenye ubao.

— Hajakata, alisema. Bado anamwuliza.